Pembetatu: maana, aina na sifa zake

pembetatu (nomino, ngeli ya I-/ZI-, wingi: pembetatu)

1. (hisabati) Umbo bapa lililofungwa kwa pande tatu zilizonyooka, lenye pembe tatu za ndani. *Mwalimu alichora pembetatu ubaoni. Pembetatu hizi mbili zina eneo moja.*
2. (jiografia) Eneo la nchi lenye umbo linalokaribia hilo. *Pembetatu ya Ilemi iko mahali ambapo Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia zinakutana.*

Angalia pia: pembe, mraba, kitako, kimo, kiegama, mzingo.

Majina ya aina za pembetatu kwa Kiswahili ni ufafanuzi uliofupishwa. Kila jina hutaja jambo moja lililo hakika kuhusu umbo, na sifa nyingine hufuata kutokana na jambo hilo. Anayelijua jina kwa maana yake hahitaji kukariri orodha ndefu ya sifa, bali anayelijua kwa sura ya mchoro peke yake hupotea mara mchoro unapogeuzwa upande. Jambo hili lina uzito wa pekee nchini Tanzania, ambako mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali kwa kawaida hujifunza pembetatu kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza hukutana na maumbo yaleyale kwa majina ya Kiingereza yenye asili ya Kigiriki na Kilatini. Akiwa amebeba maana, atabadilisha maneno tu. Akiwa amebeba maneno matupu, ataanza upya.

Mifano ya makala haya imechukuliwa Makoko, kata ya Manispaa ya Musoma, mkoani Mara, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Wageni wengi waliojifunza Kiswahili wanalijua jina hilo kwa sababu ya shule ya lugha iliyoanzishwa huko na wamisionari wa Maryknoll. Sisi tutatazama zaidi kazi za mikono za mahali kama hapo: msingi wa nyumba unaopimwa kwa kamba, kenchi inayobeba paa la bati, na tanga la mtumbwi.

## Neno na maandishi yake

*Pembetatu* ni nomino ambatani iliyoundwa kwa *pembe* na *tatu*. Katika lugha ya kila siku *pembe* ni silaha ya ng'ombe au kifaru, ni kona ya chumba, na ni mahali pa kando. Katika hisabati ni uwazi ulio kati ya mistari miwili inayokutana, nao hupimwa kwa nyuzi au digrii.

Neno likimaanisha umbo, liandikwe kwa pamoja. Likitenganishwa, linahesabu pembe. Tofauti hiyo huonekana wazi katika sentensi hizi:

- *Pembetatu hii ina pembe tatu.* (umbo moja, pembe tatu)
- *Chora pembetatu tatu.* (maumbo matatu)
- *Pima pembe tatu za pembetatu uliyochora.*

Upatanisho wake ni wa ngeli ya I-/ZI-: *pembetatu hii inalingana na ile, pembetatu hizi zinalingana*. Neno *upande* lina wingi wa *pande*: *upande mmoja, pande mbili, pande zote*. Umbo *maupande* halikubaliki katika maandishi rasmi.

## Maswali mawili ya uainishaji

Pembetatu huainishwa kwa kujibu maswali mawili yaliyo mbali. La kwanza ni hili: je, pande zake zinalingana vipi? La pili: je, pembe yake kubwa kuliko zote ina ukubwa gani? Jibu la swali la kwanza haliondoi haja ya kuuliza la pili. Makosa mengi ya darasani huanzia hapa, pale mwanafunzi anapodhani kwamba umbo lililokwisha kupewa jina kwa pande zake haliwezi kupewa jina jingine kwa pembe zake.

## Aina kwa kuangalia pande

Pembetatu sawa. Pande zote tatu zina urefu mmoja. Kwa sababu hiyo pembe zote tatu nazo ni sawa, kila moja ikiwa na nyuzi 60. Ina mistari mitatu ya ulinganifu: unaweza kuikunja kwa njia tatu, na kila mara nusu moja ikalala juu ya nyingine bila kuzidi.

Pembetatu pacha. Pande mbili zinalingana, kama mapacha. Pembe mbili zinazotazamana na pande hizo nazo zinalingana, na mstari wa ulinganifu hushuka kutoka pembe iliyo kati ya pande pacha hadi katikati ya upande wa tatu, ukiukata kwa nyuzi 90. Katika ufundi, mfano wake ni kenchi ya paa la migongo miwili, ambayo boriti zake mbili za mteremko zina urefu mmoja.

Pembetatu ya pande tofauti. Hakuna upande unaolingana na mwingine, wala pembe inayolingana na nyingine, wala mstari wa ulinganifu. Kwa aina hii jina la maelezo ndilo salama zaidi, kwa kuwa msomaji hulielewa bila kufundishwa.

Wafasiri wazingatie tofauti ya taswira. Kiswahili kimechagua picha ya uzazi, *pacha*. Kigiriki, ambacho Kiingereza kilikiazima, kilichagua picha ya mwili: *isosceles* lina maana ya "miguu sawa". Neno *scalene* nalo limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kisicho sawa. Tafsiri nzuri haihamishi miguu hiyo katika Kiswahili, bali hutumia pacha aliyekwisha kuwapo.

Kuna swali ambalo wanafunzi makini huuliza: je, pembetatu sawa ni pembetatu pacha pia? Euclid, katika ufafanuzi wake wa kale, aliweka sharti la pande mbili *tu*, hivyo akazitenga. Hisabati ya leo kwa kawaida husema pande mbili *au zaidi*, na kwa hiyo kila pembetatu sawa ni pacha, ingawa si kila pacha ni pembetatu sawa. Neno *pacha* kwa Kiswahili huelekeza fikra kwenye wawili, na ndiyo maana mwalimu anapaswa kutamka wazi ni ufafanuzi upi anaoutumia. Faida ya ufafanuzi wa leo ni kwamba lolote lililothibitishwa kuhusu pacha huwa kweli kwa pembetatu sawa bila kuthibitishwa tena.

## Aina kwa kuangalia pembe

Pembetatu yenye pembe kali zote. Kila pembe ni ndogo kuliko nyuzi 90. Neno *zote* ni la lazima. Kila pembetatu duniani ina pembe kali zisizopungua mbili, kwa hiyo kusema "pembetatu yenye pembe kali" bila *zote* ni kusema jambo lisilotenganisha umbo lolote na jingine.

Pembetatu mraba. Pembe moja ina nyuzi 90 kamili, yaani ni pembe mraba. Pembe mbili zilizobaki zikijumlishwa hufanya nyuzi 90.

Pembetatu yenye pembe butu. Pembe moja ni kubwa kuliko nyuzi 90 lakini haifikii 180. Hapa neno *moja* halina haja ya kusisitizwa, kwa sababu pembe butu mbili haziwezi kukaa ndani ya pembetatu moja: jumla yake peke yake ingezidi nyuzi 180.

Maneno *kali* na *butu* ni ya kisu. Ncha nyembamba huchoma, ncha pana haichomi. Mwanafunzi akikumbuka kisu hatabadilishana majina hayo.

## Umbo moja, majina mawili

Tukiyaunganisha majibu ya maswali mawili, tunapata aina saba, si tisa, kwa kuwa pembetatu sawa haiwezi kuwa na pembe mraba wala butu. Mifano ya vipimo vya pembe ni hii:

- sawa: nyuzi 60, 60, 60
- pacha yenye pembe kali zote: nyuzi 50, 65, 65
- pacha yenye pembe mraba: nyuzi 45, 45, 90
- pacha yenye pembe butu: nyuzi 30, 30, 120
- ya pande tofauti yenye pembe kali zote: nyuzi 50, 60, 70
- ya pande tofauti yenye pembe mraba: nyuzi 30, 60, 90
- ya pande tofauti yenye pembe butu: nyuzi 20, 40, 120

Chukua kenchi ya nyumba yenye upana wa mita 8, ambayo kilele chake kiko mita 3 juu ya boriti ya chini, na kila boriti ya mteremko ina urefu wa mita 5. Pande ni 8, 5 na 5, kwa hiyo ni pembetatu pacha. Pembe za chini zina takriban nyuzi 37 kila moja, na ya kileleni takriban 106, kwa hiyo ina pembe butu. Mwanafunzi aliyezoea kuona pembetatu pacha ikichorwa ndefu na nyembamba, mfano wa mnara, huenda asiitambue kenchi hiyo pana. Mwalimu na achore zote mbili, na mara nyingine alaze mchoro kwa ubavu.

## Sifa za kila pembetatu

Jumla ya pembe za ndani ni nyuzi 180. Kata pembetatu ya karatasi, chana kona zake tatu, uzipange zikiwa zimegusana ncha: zitakaa juu ya mstari mnyoofu mmoja. Hilo ni onyesho, si uthibitisho. Uthibitisho ni kuchora, kupitia kona ya juu, mstari ulio sambamba na upande wa chini. Pembe mbili za chini hujitokeza tena juu, kushoto na kulia ya pembe ya kileleni, na zote tatu kwa pamoja hujaza mstari mnyoofu.

Pembe ya nje ni jumla ya pembe mbili za ndani zilizo mbali nayo. Upande mmoja ukirefushwa kupita kona, pembe inayotokea nje hufanya nyuzi 180 pamoja na jirani yake wa ndani. Pembe mbili nyingine za ndani nazo hufanya 180 pamoja na jirani huyo huyo. Basi ni lazima zilingane na ile ya nje.

Pande mbili kwa pamoja huzidi upande wa tatu. Vijiti vya sentimita 3, 4 na 8 haviwezi kufunga pembetatu, kwa sababu viwili vifupi, hata vikinyooshwa kabisa, havifiki mwisho wa kile kirefu. Vijiti vya sentimita 3, 5 na 8 navyo hulala juu ya mstari mmoja bila kuacha eneo lolote.

Upande mrefu kuliko wote hutazamana na pembe kubwa kuliko zote. Sifa hii ni njia ya haraka ya kukagua jibu. Mwanafunzi akipata pembe kubwa ikitazamana na upande mfupi, amekosea mahali fulani.

Pande tatu huamua umbo. Urefu wa pande tatu ukishajulikana, umbo halibadiliki tena. Mshona tanga akipewa urefu wa kingo tatu zilizonyooka za tanga la mtumbwi, hahitaji kupewa pembe hata moja. Umbo la pande nne halina sifa hii: fremu ya mbao nne iliyopigwa msumari mmoja kila kona hulegea na kulala upande. Ndiyo sababu fundi hupigilia ubao wa mshazari kwenye mlango wa mbao, akiigawa fremu kuwa pembetatu mbili, na ndiyo sababu kenchi hujengwa kwa pembetatu. Upepo wa ziwani unaweza kusukuma paa, lakini hauwezi kubadilisha pembetatu pasipo kuvunja ubao au kung'oa kiungo.

Tahadhari moja kwa walimu: pembe tatu peke yake haziamui ukubwa. Pembetatu sawa ya sentimita 2 na ya mita 2 zina pembe zilezile.

## Pembetatu mraba na kanuni ya Pythagoras

Katika pembetatu mraba, upande unaotazamana na pembe mraba huitwa kiegama. Jina hilo ni la kitenzi *egama*, kukaa kwa kuegemea, nalo humkumbusha mtu ngazi iliyoegemezwa ukutani: ukuta, sakafu na ngazi vikifunga pembetatu, ngazi ndiyo kiegama. Huo ndio upande mrefu kuliko zote mbili zilizobaki, popote mchoro unapoelekea.

Kanuni ya Pythagoras yasema kwamba mraba wa urefu wa kiegama ni sawa na jumla ya miraba ya pande mbili nyingine. Kwa pande za 3, 4 na 5: 9 + 16 = 25. Kinyume chake pia ni kweli: pande tatu zikitimiza hesabu hiyo, basi pembe inayotazamana na upande mrefu ni mraba. Fundi anaposimamisha nyumba hutegemea kinyume hiki, hata kama hakitaji kwa jina. Huweka alama ya mita 3 kwenye kamba moja ya msingi na mita 4 kwenye kamba ya pili, kisha hupima kutoka alama hadi alama. Akipata mita 5 kamili, kona imekaa.

Kosa dogo hapa ni ghali. Tuseme kipimo kimetoka mita 5.1. Mraba wa 5.1 ni 26.01, zaidi ya 25, kwa hiyo pembe imekuwa butu, takriban nyuzi 92 na nusu hivi. Sentimita 10 zinaonekana kidogo mkononi, lakini ukuta wa mita 12 uliofuata kamba hiyo utamalizikia karibu nusu mita nje ya mahali pake. Bati halitakaa sawa, na vigae vya sakafu vitakatwa kwa mshazari ukutani kote. Kwa sababu hiyo ni bora kutumia 6, 8 na 10 pale kiwanja kinaporuhusu, maana kosa lilelile la mkono huzaa upotovu mdogo zaidi wa pembe.

## Kitako, kimo na eneo

Mzingo ni jumla ya pande tatu. Eneo ni nusu ya kitako mara kimo. Nusu hiyo inatokana na ukweli kwamba pembetatu mbili zinazolingana, moja ikigeuzwa, huungana kuwa umbo la pande nne lenye pande sambamba, ambalo eneo lake ni kitako mara kimo.

*Kitako* ni upande wowote uliochaguliwa, si lazima uwe wa chini. *Kimo* ni umbali kutoka kona iliyobaki hadi kwenye mstari wa kitako, ukipimwa kwa nyuzi 90. Upande wa mshazari si kimo. Kwa kenchi ya mfano wetu, eneo la ukuta wa pembetatu chini ya paa ni ½ × 8 × 3 = mita za mraba 12. Anayetumia 5 badala ya 3 atapata 20, na atanunua tofali nyingi kuliko zinazohitajika. Katika pembetatu yenye pembe butu, kimo huweza kuangukia nje ya umbo. Hapo kitako hurefushwa kwa mstari wa vitone, lakini urefu wa kitako unaoingia katika hesabu ni ule wa awali tu.

## Maneno yanayochanganywa

Mraba. Neno hili limetoka Kiarabu, katika shina lenye maana ya nne, na katika hisabati ya Kiswahili lina kazi nne. *Mraba* ni umbo la pande nne zinazolingana na pembe za nyuzi 90. *Pembe mraba* ni pembe kama zile za umbo hilo. *Mita za mraba* ni kizio cha eneo. *Mraba wa 5* ni 5 × 5. Hivyo *pembetatu mraba* si mgongano wa maneno: ni kifupi cha "pembetatu yenye pembe mraba", na haina uhusiano na kuwa na pande nne.

Sawa. *Pembetatu sawa* ni aina ya umbo moja. *Pembetatu mbili zilizo sawa* ni ulinganisho wa maumbo mawili, nao una utata: sawa kwa eneo, au kwa kila kitu? Mwandishi aseme *zinalingana kwa pande na pembe zote* pale moja linapoweza kulala juu ya jingine, *zinafanana kwa umbo* pale pembe zinapolingana lakini ukubwa ukatofautiana, na *zina eneo moja* pale eneo tu linapokusudiwa.

Kipeo. Neno hili hutumika kwa ncha au kilele, na katika hesabu za namba kwa kuonyesha mara ambazo namba inazidishwa yenyewe. Makala yanayozungumzia yote mawili yatumie *kona* au *ncha* kwa pembetatu.

Nyuzi na digrii. Yote mawili yanaeleweka. Kitabu kimoja kitumie moja.

## Muhtasari kwa mwalimu na mfasiri

Kabla ya kuandika jina la pembetatu, uliza: jina hili limejibu swali la pande au la pembe? Kama sentensi inahitaji yote mawili, yataje yote mawili: *pembetatu pacha yenye pembe butu*. Mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza aandikiwe neno la Kiingereza kando ya neno la Kiswahili na kando ya maana yake, katika safu tatu. Safu ya katikati isipofutwa, mtoto wa Makoko hatalazimika kujifunza mara ya pili kwamba pande mbili za kenchi zinazolingana huzaa pembe mbili zinazolingana. Hilo alikwisha kulijua kwa lugha yake ya darasani, na sasa anaongeza jina tu.